Mama wa Jamaa, kutoka Panda hadi Golf

Tulipomlilia mama yetu uani kwake, mtaa wa Golf, Lubumbashi, walifika wazee ambao hakuwazaa wala si wa ukoo wetu, wakaketi upande wa watoto. Majirani wakashangaa. Sisi tulijua jambo hilo lilianzia wapi.

Lilianzia kambi za wafanyakazi wa migodi. Kampuni ya madini, Union Minière, iliundwa mwaka 1906, na miaka ya kwanza ilichukua wanaume kwa mikataba mifupi. Wake wakabaki vijijini. Kuanzia mwaka 1928 ikabadili mwendo: mfanyakazi akae na mkewe, watoto wazaliwe hapo hapo. Mama alikuwa mtoto wa kambi hizo, mzaliwa wa Panda, Jadotville, ambayo leo ni Likasi.

Mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alifika Kolwezi. Watu walikwisha kumjua kwa kitabu chake cha falsafa ya Kibantu, kilichotoka Élisabethville mwaka 1945. Safari hii alikaa na wafanyakazi akawauliza wanachokitaka kuliko vyote. Jibu lao likawa mawazo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Ndiyo Jamaa, vuguvugu la Wakatoliki lililozaliwa hapo.

Hapakuwa na kuingia peke yako. Mume na mke waliingia pamoja, wakafundishwa na baba na mama waliowatangulia, na waliomaliza njia wakawa watoto wao kweli, waliozaliwa katika mawazo. Mafundisho yalikuwa kwa Kiswahili chetu, na mama yetu, akiwa ameingia pamoja na baba, alisimama akafundisha mbele ya wanaume. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote Jamaa iliyoyafanya. Tempels alirudi kwao mwaka 1962. Baadaye ukaja mvutano na maaskofu, baadhi ya wafuasi wakajitenga. Mama yetu alibaki kanisani, na watoto wake wa mawazo wakabaki naye.

Kisha mwaka 1992. Watu wenye asili ya Kasai waliokaa Katanga walifukuzwa makwao, wakajaa kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, wiki baada ya wiki, wengine miezi. Mama alikuwa na sufuria kubwa iliyokatika sikio moja. Aliishika kwa kitambaa upande ule, akapeleka uji wa mahindi kila asubuhi, huku wako waliomwambia aache. Hakubishana nao. Alisema tu: “Mtoto wa mtu analala chini.” Nilimfuata nikibeba vikombe, na nakumbuka alivyowauliza kila mmoja jina lake kabla ya kumpa.

Mwaka 2003 Gécamines, iliyorithi Union Minière, iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000, na baba akiwa mmoja wao. Nyumba ikasimama juu ya mihogo na maharagwe ya mama. Baadaye ndugu yetu mkubwa akamleta Golf, kwenye kuta ndefu. Mama akaagiza lango lisifungwe mchana. Mara mbili kwa wiki alipika bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo, akawapelekea wagonjwa wasio na ndugu.

Kwenye kilio alikuja mwanamume mmoja wa Kasai, akasema alikunywa uji ule stesheni akiwa na miaka sita. Alilitaja jina la mama sawasawa.

Mafundisho yake mengi alikuwa nayo kichwani, na sisi tuliandika machache mno. Ewe msomaji, kama nyumbani kwenu yupo bado mama au baba wa Jamaa, chukua daftari leo, uketi karibu naye, uandike anavyosema.