Katamarani na Injini Yake: Historia ya Jina na ya Chombo

Majina ya vyombo vya bahari husafiri mbali kuliko vyombo vyenyewe, na aghalabu hubadili shehena njiani. Neno katamarani ni mfano mzuri. Asili yake ni Kitamil, ambamo kattu maana yake ni kufunga na maram ni mti. Chombo kilichoitwa hivyo katika pwani ya Coromandel kilikuwa magogo machache yaliyofungwa kwa kamba. William Dampier, baharia wa Kiingereza, alilitaja neno hilo katika kitabu chake cha safari kilichopigwa chapa mwaka 1697. Katika karne ya 19 jina likahamishwa, likapewa chombo kingine kabisa, chenye viwiliwili viwili vyembamba vilivyounganishwa kwa boriti.

Chombo hicho kilikuwa na wenyewe, nao ni watu wa visiwa vya Pasifiki. Wahawaii walikiita wa'a kaulua. Watonga walikuwa na tongiaki, na baadaye kalia. Ngalawa ya pwani ya Afrika Mashariki ni jamaa yake wa mbali, lakini si ndugu wa tumbo moja. Ngalawa ina mwili mmoja unaotulizwa na matengo ya ubavuni, hali katamarani hubebwa na miili yote miwili sawasawa. Tofauti hiyo yafaa ikumbukwe, maana ndiyo iletayo shida ya injini itakayoelezwa hapa.

Chombo cha viwiliwili viwili husimama wima kwa upana wake, wala hakihitaji farumi. Kwa hiyo huwa chepesi, na wepesi huo ndio siri ya mbio zake. Sir William Petty alijaribu vyombo vya namna hiyo huko Dublin tangu mwaka 1662, lakini kimoja chao, kilichoitwa Experiment, kilipotea baharini mwaka 1665. Mwaka 1876 Nathanael Herreshoff wa Marekani alileta katamarani yake, Amaryllis, kwenye mashindano ya New York, akaziacha nyuma mashua nyingine zote. Walioshindwa walilalamika, na vyombo vya namna ile vikakatazwa kushindana na mashua za kawaida.

Lakini wepesi una gharama yake. Chombo kizito kikigeuzwa kupiga bisho huendelea kwa uzito wake mpaka tanga lishike upepo upande wa pili. Katamarani hupoteza mwendo upesi, na pengine husimama imeukabili upepo, kisha ikarudi kinyumenyume. Katika bahari pana hilo ni udhia tu. Kwenye mlango wa bandari, miamba ikiwa karibu na mkondo ukivuta, au shwari ikiingia ghafula, ni hatari ya roho. Hapo ndipo haja ya injini ilipotokea.

Injini ya kupachika ilianza kwa umeme, si kwa petroli. Mwaka 1881 Gustave Trouvé alipachika mota ya umeme pamoja na rafadha kwenye usukani wa mashua ndogo, akapita nayo katika mto Seine, Paris. Cameron Waterman wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi wa injini ya petroli mwaka 1907. Aliyeifanya biashara kubwa ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi Milwaukee. Injini aliyoanza kuiuza mwaka 1909 ilikuwa na nguvu za farasi 1.5 tu, na uzito wa kilo 28 hivi. Mashine hizo zilitengenezwa kwa mashua ya mtu mmoja au wawili, yenye ubao wa tezi ulio karibu na maji. Hakuna aliyeifikiria katamarani.

Katamarani ilirudi kwenye bahari kuu katikati ya karne ya 20. Mwingereza James Wharram aliunda Tangaroa, chombo chenye urefu wa mita 7 na kitu, akavuka nacho Atlantiki hadi Trinidad. Huko akaunda kingine kikubwa zaidi, Rongo, na mwaka 1959 akarudi nacho kwa njia ya kaskazini, kutoka New York hadi Ireland. Baada ya hapo watu wengi walianza kujiundia katamarani majumbani, na kila mmoja alilazimika kujibu swali moja: injini ipachikwe wapi?

Jibu la kwanza lilikuwa kuipachika kwenye boriti ya nyuma kabisa, kama ilivyo desturi ya mashua. Hapo chombo kilipoinama na kuinuka kwa mawimbi, tezi lilitoka majini na rafadha ikanyonya hewa. Injini ilinguruma bure, na chombo hakikusogea wakati uleule kilipohitaji kusogea. Hata nguvu zilipoongezwa kasoro haikuondoka. Ulizidi uzito tu, na uzito wa tezini ulizidisha ule ule mwinamo.

Basi waundaji walijifunza mambo manne. La kwanza ni mahali: injini isogezwe mbele kuelekea katikati ya chombo, ambapo kupanda na kushuka ni kudogo. La pili ni mguu wa injini. Mguu mfupi ni wa sentimita 38 hivi, mrefu ni wa 51, na mrefu zaidi ni wa 64. Kwa sababu boriti za katamarani hukaa juu ya maji, mguu mfupi haufai. La tatu ni rafadha: chombo cha matanga kina haja ya rafadha pana izungukayo polepole na kusukuma kwa nguvu, si ile ndogo ya boti ya mbio. La nne ni kuinua: upepo ukirudi, mguu wote utoke majini, ama sivyo utakokotwa na kupunguza mbio. Waliofunika injini ndani ya kisanduku waligundua tena jambo la tano, kwamba moshi usipopata njia huvutwa na injini yenyewe, ikazimika.

Katika hayo yote nguvu za farasi zilikuwa jambo la mwisho. Kwa katamarani nyepesi ya futi 30, injini moja ya nguvu 9.9 iliyopachikwa vizuri imewatosha wengi, na injini ya nguvu maradufu iliyopachikwa vibaya haikumwokoa mtu.

Mabaharia wa Pasifiki nao walilijibu swali hilo. Hokule'a, iliyosafiri kutoka Hawaii hadi Tahiti mwaka 1976 bila vyombo vya kisasa vya kuongozea, haikutiwa injini. Ilipohitaji, ilivutwa na chombo kingine. Mwaka 2011 vyombo saba vya viwiliwili viwili vilivuka Pasifiki vikiwa na matanga pamoja na mota za umeme zilizopata nguvu kutoka kwa jua. Hivyo, baada ya miaka 130, umeme wa Trouvé ulifika kwenye chombo ambacho yeye hakukifikiria.

Jina la katamarani lilihama likaacha chombo chake nyuma, na hapana aliyedhurika. Injini ilipohamishwa vivyo hivyo, kutoka mashua ya mtoni hadi kwenye viwiliwili viwili vya bahari kuu, haikukubali mpaka ilipofuata umbo la chombo. Neno laweza kubebeshwa maana yoyote ambayo wasemaji wamepatana. Bahari haipatani na mtu.