Teresa wa Avila na Elimu ya Moyo

Kuna wakati padri muungamishi wa Teresa wa Avila alimwamuru jambo zito: kila aonapo njozi ya Kristo, aionyeshe ishara ya matusi kwa vidole, kwa maana hakika ni Shetani. Teresa alitii. Lakini alishika msalaba mkononi, na kila alipofanya ishara ile alimwomba msamaha Yule aliyemwona. Hakumwasi muungamishi wake, wala hakukubali kusema kwamba hakuona alichokiona.

Hayo yalitukia Hispania, katika karne ya 16. Teresa alizaliwa mwaka 1515, akaingia monasteri ya Wakarmeli akiwa na miaka 20. Kwa muda mrefu alisali kwa moyo mkavu, mpaka mwaka 1554, alipotazama sanamu ya Kristo mwenye majeraha, akaanguka chini akilia. Tangu hapo sala yake iligeuka.

Machozi hayo yalikuwa hatari. Theolojia ilifundishwa kwa Kilatini, katika vyuo vikuu ambamo wanawake hawakuingia, na wasomi wengi waliona hisia za mwanamke kuwa mlango wa udanganyifu. Tuwatendee haki: hofu yao haikuzuka bure. Mwaka 1546 Magdalena de la Cruz, abesi wa Córdoba aliyesifiwa kwa njozi zake, alihukumiwa na Inkwizisyo, mahakama ya kuchunguza imani, baada ya kukiri udanganyifu. Lakini kosa la mmoja likawaangukia wote. Mwaka 1559 mkuu wa mahakama hiyo, Fernando de Valdés, alipiga marufuku vitabu vingi vya sala vilivyoandikwa kwa Kihispania. Teresa, asiyejua Kilatini, alinyang'anywa vitabu alivyovipenda. Miaka michache baadaye akawa anaandika vyake.

Tusidhani alikuwa adui wa akili. Aliwatafuta mapadri wenye elimu kubwa; waliomdhuru, alisema, ni wale wenye elimu nusu. Na mtawa aliyezimia akidhani ametekwa na Mungu, Teresa alimpunguzia kufunga, akaagiza ale na kulala vizuri. (Dawa hiyo ingefaa hata leo baada ya mikesha yetu mingine.) Machozi peke yake hayakumtosha. Aliuliza yamezaa nini: unyenyekevu, upendo wa jirani, kazi?

Katika vikundi vyetu, msichana akisema, «Moyo wangu haukubali jambo hili», mara ngapi huambiwa alete sababu ama anyamaze? Na mvulana akilia msibani huambiwa ajikaze kiume. Teresa hakunyamaza wala hakudai aaminiwe tu. Aliyatafutia maneno yale aliyoyahisi, kazi ngumu ya miaka mingi, kisha akayaweka mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kumhukumu. Kwangu mimi, ujasiri huo unazidi njozi zenyewe. Mwaka 1575 kitabu cha maisha yake kilifika mikononi mwa Inkwizisyo. Mdominiko Domingo Báñez alikichunguza, akatoa maoni mema. Hata hivyo kilichapishwa mwaka 1588 tu, mwandishi akiwa amefariki tangu 1582.

Tarehe 27 Septemba 1970, Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho. Katerina wa Siena alimfuata siku saba baadaye.

Kuna kurasa moja ya kukumbukwa. Katika andiko la kwanza la «Njia ya Ukamilifu», mnamo 1566, Teresa alimlalamikia Mungu kwamba waamuzi wa dunia hii, wote wakiwa wanaume, hushuku kila fadhila ya mwanamke. Padri aliyelikagua alizikata sentensi hizo kwa wino mzito. Alipoandika upya, Teresa aliziacha. Lakini andiko lile la kwanza lipo hadi leo katika maktaba ya El Escorial, na wataalamu wamefaulu kusoma maneno yaliyo chini ya wino.