Diploma Tatu za Juja



Kila matokeo ya KCSE yanapotoka, kuna vijana wetu wa Thika na Ruiru wanaojifungia ndani. Hawakufikisha C+ ya kuingia digrii. Ukimwambia kuna nafasi ya diploma, anaona ni kama umemtukana. Na mzazi naye anaficha jirani asijue. Wengi wao wanalilia chuo kimoja kilichoko hapa hapa kwetu, Juja: Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ama JKUAT kama tunavyokiita. Basi hebu tuangalie chuo hicho kilianza vipi.

Je, wajua kwamba JKUAT yenyewe ilianza na diploma?

Mipango ilianza 1977, serikali ya Kenya ikisaidiana na ya Japani. Mwaka wa 1978 Mzee Kenyatta akatoa hekta 200 za shamba. Wajapani wakasaidia kujenga, wakaleta mitambo na walimu. Wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 1981, na Rais Moi akakifungua rasmi Machi 1982. Hakikuitwa chuo kikuu, kilikuwa chuo cha kati tu. Mahafali ya kwanza, Aprili 1984, zilitolewa diploma za fani tatu: uhandisi wa kilimo, teknolojia ya chakula, na kilimo cha mboga, matunda na maua. Basi. Digrii hakuna hata moja.

Mwaka wa 1988 kikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kama chuo kishiriki. Na huyo mlezi mwenyewe, unajua alitoka wapi? Pale Kahawa, kabla hujafika Ruiru, palikuwa na kambi ya wanajeshi wa Kiingereza. Mwaka wa 1965 kambi ikakabidhiwa serikali, ikafanywa Kenyatta College ya kufunza walimu. Ikalelewa na Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia 1970, ikasimama yenyewe 1985. Miaka mitatu tu baadaye ikapewa mtoto wa kulea huko Juja. Mtoto huyo naye akawa chuo kikuu kamili 1994, na Profesa Ratemo Michieka akawa Makamu Chansela wake wa kwanza.

Sasa usidhani zile fani tatu zilitupwa. La! Ndizo zilizokipa jina. Chukua mfano wa ndizi. Mkulima akipanda chipukizi alilochimba kwa jirani, mara nyingi anahama nalo na wadudu na magonjwa ya shamba lile. Katika maabara za Juja wanachukua kipande kidogo cha mgomba safi, wanakikuza ndani ya chupa chenye virutubisho, na kipande kimoja kinatoa miche mingi, yote misafi. Miche hiyo imefika kwa wakulima wa kawaida. Huo ndio utafiti, ndugu yangu, si makaratasi ya kabatini tu. Tangu 2012 chuo hiki pia ni makao ya taasisi ya sayansi na teknolojia ya Chuo Kikuu cha Afrika, chini ya Umoja wa Afrika. Vijana kutoka nchi nyingi za bara hili wanakuja kusoma shahada za juu hapo hapo palipotolewa diploma tatu.

Kisha aliyelelewa naye akalea. Mwaka wa 2007 Mombasa Polytechnic ikafanywa chuo kishiriki cha JKUAT. Hapa sisi Waislamu tusikilize vizuri, manake chuo kile kilizaliwa kwa jina letu. Kilikuwa MIOME, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Miongoni mwa waliotoa pesa za kukianzisha ni Aga Khan na Sultani wa Zanzibar, na mwaka wa 1951 kikapokea wanafunzi wa kwanza, vijana wa Kiislamu waje wasomee ufundi. Baadaye kikafunguliwa kwa watu wote, kikabadilishwa jina 1966, na tena 1972. Leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, tangu 2013.

Wazee wale hawakuona aibu kutoa mali yao ili kijana ajue kushika bisibisi. Kwani sisi aibu tumeitoa wapi?

Dada yangu, ndugu yangu uliyeitwa kwa diploma mwaka huu: nenda ukajiandikishe. Ukifaulu vizuri, njia ya kwenda digrii ipo, na wengi wameipita. Nawe mzazi, usimfiche mwanao. Juja ilikaa ngazi ya diploma miaka saba kabla ya kuwa chuo kishiriki, ikangoja sita tena kuwa chuo kikuu, na leo hakuna anayeicheka.

Wabillahi tawfiq.