Mtihani Ndio Ulioshika Ufunguo

Uganda ilifunga shule zake tarehe 20 Machi 2020, kabla hata ya kuthibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa korona, abiria aliyetua Entebbe akitokea Dubai. Kufunga kulihitaji hotuba moja ya rais. Kufungua kulikula karibu miaka miwili, na anayeipitia kalenda ya Afrika Mashariki ya wakati ule haachi kuona kwamba foleni ya kurudi darasani ilipangwa na mitihani kuliko ilivyopangwa na madaktari.

Tanzania ilitangulia. Mwishoni mwa Aprili 2020 takwimu zake za wagonjwa zilikoma kutangazwa, zikiwa zimefika 509. Tarehe 1 Juni serikali ya Rais John Magufuli iliwarudisha wanavyuo na kidato cha sita, ambao mtihani wa taifa ulikuwa ukiwasubiri. Wengine wote waliitwa tarehe 29 Juni.

Kenya ilisitasita zaidi. Mwezi Julai Waziri wa Elimu, George Magoha, alitangaza kwamba mwaka mzima wa masomo umepotea na shule zingefunguliwa Januari 2021. Miezi mitatu baadaye msimamo ukageuka: tarehe 12 Oktoba waliitwa wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Darasa la nane walikuwa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, kidato cha nne walikuwa na wa kumaliza sekondari, KCSE, na gredi ya nne ndio walioufungulia njia mtaala mpya wa umilisi, hivyo nao walikuwa na tathmini yao. Wale wadogo wanaojifunza kushika penseli, ambao redio na televisheni haziwezi kuwafundisha kusoma, waliendelea kukaa nyumbani ingawa ugonjwa wenyewe uliwadhuru watoto kwa nadra kuliko watu wazima.

Tuwe wa haki, mpango huo ulikuwa na faida yake. Wanafunzi wa darasa moja au mawili wakitawanywa katika shule nzima, kila mtoto anapata nafasi ya kupumua. Serikali ilitenga shilingi bilioni 1.9 ili mafundi wa jua kali na wa mitaani watengeneze madawati, na karakana zilizokuwa zimelala zikapata kazi. Lakini Januari 4, 2021, wote waliporudi kwa pamoja, kanuni ya kukaa mbalimbali ilishindwa hesabu ya kawaida kabisa: chumba ni kilekile, watoto ni walewale. Shule nyingine zilifundishia chini ya miti. Kwingine barakoa ilibaki ndiyo kinga pekee ya maana, ikiwa mzazi aliweza kuinunua.

Walimu ndio walioogopa zaidi, na hawakukosa sababu. Oktoba 2020, muda mfupi tu baada ya kufungua, shule za Tononoka na Star of the Sea za Mombasa zilifungwa tena kwa muda kwa sababu walimu walipatikana na virusi.

Shule za binafsi zilikuwa na kilio kingine. Bila karo hakuna mshahara. Huko Mwea, Kenya, mwenye shule mmoja aligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku, na ubaoni hesabu za wanafunzi zikiwa bado zinasomeka. Shule ya namna hiyo haifunguki kwa tangazo la waziri. Kwanza kuku wauzwe, walimu watafutwe upya, na wazazi waliopoteza vibarua wapate cha kulipa.

Uganda ndiko mpangilio wa mitihani ulikotoza bei kubwa. Oktoba 15, 2020 walirudi wa darasa la saba, kidato cha nne na cha sita. Machi 2021 wakafuata waliokuwa nyuma yao kwa darasa moja, kisha wa katikati. Darasa la kwanza hadi la tatu walipangiwa kuingia tarehe 7 Juni 2021. Jioni ya kuamkia siku hiyo Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba shule zote zinafungwa tena: wimbi la korona ya aina ya Delta lilikuwa limejaza hospitali na oksijeni ilikuwa haitoshi. Hivyo mtoto aliyeanza darasa la kwanza Februari 2020 alisoma wiki chache, akaja kukaa tena darasani tarehe 10 Januari 2022. UNESCO ilihesabu wiki 83 za kufungwa, kikamilifu au kwa sehemu, muda ambao haukufikiwa na nchi nyingine duniani. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa, na Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilikuwa imeonya kwamba asilimia 30 huenda wasirudi kabisa. Wapo walioolewa, waliojifungua, na walioingia kwenye vibarua.

Kenya nayo ililipa deni lake kwa kubana mihula na kufupisha likizo. Mwaka 2022 KCPE ilifanywa mara mbili, Machi na Novemba, na kalenda ya kuanza masomo Januari ikarejea mwaka 2023.