Simu humwandaa mtahiniwa, lakini kalamu ndiyo huamua

MWANAFUNZI wa kidato cha nne anayeishi Tabata, wilayani Ilala, jijini Dar es Salaam, leo anaweza kusoma muhtasari wa somo la Baiolojia, kujibu maswali ya majaribio na kupata masahihisho papo hapo kupitia simu ileile ambayo mzazi wake huitumia kutuma na kupokea fedha.

Miaka 20 iliyopita jambo hilo halikuwa rahisi. Aliyetaka kufanya marudio alitegemea daftari lake, vitabu vya maswali ya mitihani iliyopita vinavyouzwa kwenye maduka ya steshenari, au masomo ya ziada maarufu kwa jina la twisheni. Intaneti ilikuwa ghali na ya taratibu, hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, na ule wa EASSy ulipofuata mwaka 2010.

Hata hivyo, kupatikana kwa huduma hizo hakuleti ufaulu kwenyewe. Mtihani wa Taifa bado hufanyika kwa karatasi na kalamu, chini ya usimamizi, na simu haiingii chumbani. Ndiyo maana mzazi na mwanafunzi wanapaswa kufahamu nini mfumo wa kujifunzia wa kidijitali unaweza kufanya, na nini hauwezi.

Chimbuko lake

Mjadala kuhusu maandalizi ya mitihani ulipamba moto Februari 2013, wakati matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa na kuonyesha kuwa takriban asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Mei 2013 Serikali ilitangaza kuyafuta matokeo hayo ili yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka uliotangulia.

Mwaka huohuo wa 2013 ndipo lilipoanzishwa jijini Dar es Salaam shirika la Shule Direct, chini ya Faraja Nyalandu, mwanasheria aliyewahi kuwa Miss Tanzania mwaka 2004. Shirika hilo liliweka mtandaoni maelezo ya masomo ya sekondari pamoja na maswali ya kujipima. Kwa wasio na simu za kisasa lilibuni huduma ya Makini SMS, ambayo mwanafunzi aliitumia kupata maswali kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida.

Kwa upande wa watoto wa shule za msingi, kampuni ya Ubongo, nayo ya Dar es Salaam, ilianza kurusha kipindi cha Ubongo Kids kwenye televisheni mwaka 2014, kikifundisha Hisabati na Sayansi kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili.

Umuhimu wa huduma hizi ulidhihirika zaidi Machi 17, 2020, Serikali ilipofunga shule kutokana na ugonjwa wa corona. Wanafunzi wa kidato cha sita walirejea darasani Juni 1 mwaka huo na kuanza mtihani wao Juni 29. Katika kipindi hicho, mwanafunzi aliyekuwa na simu na kifurushi cha intaneti aliweza kuendelea na masomo, na asiyekuwa navyo alibaki na daftari lake.

Kinachopiganiwa

Katika mtihani wa kidato cha nne, alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya hapo ni F. Kila gredi ina pointi zake, kuanzia 1 kwa A hadi 5 kwa F, na daraja hukokotolewa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri.

Kwa hesabu hiyo, tofauti ya alama moja tu, kati ya 44 na 45, humtoa mwanafunzi kwenye D na kumweka kwenye C. Kwa kuwa kuchaguliwa kuingia kidato cha tano kunahitaji ufaulu wa angalau C katika masomo matatu, alama hiyo moja yaweza kuamua mustakabali wa kijana.

Kusoma tena si kujipima

Kosa linalofanywa na wengi ni kuugeuza mfumo wa kidijitali kuwa daftari jingine la kusoma. Mwanafunzi hupitia maelezo mara tatu au nne, huona kila kitu ni chepesi, kisha huamini kuwa ameelewa.

Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, walichapisha utafiti uliolipima jambo hilo. Wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakakisoma tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano. Lakini baada ya wiki moja hali iligeuka: waliosoma mara moja na kisha kujipima kwa kuandika walichokumbuka walikuwa na wastani wa asilimia 56, huku waliorudia kusoma wakiwa na asilimia 42.

Funzo lake ni kwamba thamani kubwa ya mfumo wa kidijitali imo kwenye maswali yake. Mwanafunzi anapaswa kujibu kwanza bila kuangalia, kisha asahihishe, aandike makosa yake kwenye daftari maalumu, na kuyarudia maswali hayohayo baada ya siku kadhaa. Haba na haba hujaza kibaba. Nusu saa kila siku tangu Januari ina faida kuliko mkesha wa Novemba.

Aidha, maswali ya kuchagua jibu, ambayo ndiyo mengi kwenye simu, hayatoshi. Katika mtihani mwanafunzi hutakiwa kuandika insha, kuchora, kuonyesha njia ya kukokotoa na kugawa muda wake vizuri. Karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne, kwa mfano, hufanyika kwa saa tatu. Asiyewahi kukaa saa tatu mfululizo akiandika kwa kalamu hataizoea hali hiyo kwa kubonyeza kioo cha simu.

Suala la lugha nalo lisisahaulike. Maelezo ya Kiswahili humsaidia mwanafunzi kuelewa, lakini masomo mengi ya sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza. Akishaelewa, sharti ajizoeze kuliandika jibu kwa lugha atakayoulizwa.

Kilichopo bila malipo

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, huweka kwenye tovuti yake fomati za mitihani pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Taarifa hizo huchambua swali kwa swali, zikionyesha watahiniwa walipokosea na sababu zake, na huambatanisha mifano ya majibu mazuri na mabaya. Kwa mwanafunzi anayejiandaa, hiyo ni hazina ya kutoka kwa mtahini mwenyewe.

Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Vitabu hivyo vina umuhimu wa pekee sasa, kwa kuwa mtaala mpya ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024. Muhtasari wa zamani unaozunguka mtandaoni waweza kuwa sahihi kwa kaka aliyemaliza shule, lakini ukawa umepitwa na wakati kwa mdogo wake. Kabla ya kutumia mfumo wowote, mwanafunzi amwulize mwalimu wake kama mada zake zinalingana na muhtasari wa darasa lake.

Simu moja, watoto watatu

Katika kaya nyingi za Tabata, iwe Kimanga, Segerea au Relini, simu ya kisasa ni ya mzazi, naye huondoka nayo alfajiri na kurejea usiku. Kwa familia ya aina hiyo, njia nafuu ni kupakua fomati, maswali na uchambuzi mara moja, kisha kuvichapisha steshenari. Karatasi hizo zitatumiwa na watoto wote bila kuhitaji kifurushi, na simu itabaki kwa kazi ya kusahihisha na kutafuta maelezo ya mada iliyoshindikana.

Mzazi asiyefahamu Fizikia bado ana nafasi yake. Anaweza kuuliza mtoto amejibu maswali mangapi leo, amekosa yapi, na jana alikosa yapi. Daftari la makosa litamjibu hata kama mtoto hatajibu.

Tahadhari ya mwisho ni kuhusu wanaotangaza kwenye makundi ya simu kuwa wanauza mtihani kabla ya siku yake. Mara nyingi huo ni utapeli, na hata pale usipokuwa utapeli, mtahiniwa anayebainika kufanya udanganyifu hufutiwa matokeo. Anayetafuta maswali halisi ya NECTA atayapata bila kuvunja sheria: ni yale ya miaka iliyopita, na majibu yake huanza kwenye karatasi nyeupe, simu ikiwa imezimwa.