KUMUUZIA MNUNUZI TUSIYEMWONA: HISTORIA FUPI YA BIASHARA YA MBALI NA DUKA LETU LA MTANDAONI

Halmashauri ilipotuagiza tuandike sura hii katika Kitabu cha Ukumbusho wa Miaka Kumi ya Chama Kikuu chetu, tulidhani kazi itakuwa fupi, kwani mauzo ya duka lenyewe yalikuwa mafupi. Wanachama watakumbuka yaliyosemwa katika Mkutano Mkuu, pale mzee mmoja aliposimama akauliza ni magunia mangapi ya kahawa yametoka kwa njia ya hiyo tovuti, na Ofisi ikakosa jibu. Swali lile lilikuwa la haki. Fedha zilizojenga tovuti ni makato ya kilo za wakulima, si zawadi ya mtu. Tangu siku ile tumesoma na kuulizauliza, na tumeona vema kuanza mbali kidogo kabla ya kufika mlangoni petu.

Wengi hudhani kwamba kumuuzia mtu usiyemwona ni jambo lililozaliwa na kompyuta. Sivyo. Tangu wakulima wa Kilimanjaro walipounda chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933, kahawa yao imenywewa na watu wasioijua hata njia ya kufika Moshi. Mnunuzi wa mnadani hafungui kila gunia. Huonja sampuli, husoma daraja, akalipa. Sampuli ni ahadi, na gunia lisipofanana na sampuli, msimu unaofuata bei humshukia hata mkulima ambaye hakukosa.

Lakini mtu ambaye historia yake yatufaa zaidi ni Mmarekani, Aaron Montgomery Ward. Alikuwa mchuuzi msafiri, akizunguka vijijini kuuza bidhaa za makampuni ya jumla. Huko alisikia kilio tukijuacho: mkulima auza mazao yake kwa bei iliyopangwa na wengine, kisha anunua nguo na vyombo katika duka la kijiji kwa bei iliyopangwa na mwenye duka. Ward alikusanya bidhaa zake za kwanza mjini Chicago, zikateketea katika moto mkubwa wa mwaka 1871. Hakukata tamaa. Mwaka 1872 alitoa karatasi moja tu, yenye orodha ya bidhaa 163 na bei ya kila moja.

Nani wangemwamini mtu wa karatasi? Wateja wake wa kwanza walikuwa wakulima waliokwisha kujiunga katika chama chao kiitwacho Grange, kilichoanzishwa mwaka 1867. Yaani biashara ile kubwa iliinukia mabegani mwa wakulima walioungana, jambo ambalo wanaushirika hatuna haja ya kulionea haya kulitaja. Bidhaa zilikwenda kwa reli, na mkulima aliweza kuukagua mzigo kabla ya kutoa fedha yake. Hata hivyo mwaka 1873 gazeti moja la Chicago liliwaonya wakulima kwamba kampuni ile ni ya matapeli, kwa kuwa bei zake zilikuwa ndogo mno kuwa za kweli. Ward alidai haki yake, na kabla ya mwaka kwisha gazeti likayafuta maneno yake. Mwaka 1875 akaweka sharti lililowashangaza wafanya biashara wenzake: asiyeridhika na bidhaa atarudishiwa fedha yake. Baadaye wenye maduka ya miji midogo walikusanya vitabu vya bidhaa vya namna hiyo wakavichoma moto hadharani. Mtu hachomi kitabu kisichomharibia biashara.

Reli ilifika stesheni tu. Mwaka 1896 Posta ya Marekani ilianza kupeleka barua hadi mashambani, na tarehe 1 Januari 1913 ikaanza kuchukua vifurushi vikubwa, na hapo uuzaji wa mbali ukapanuka sana. Kampuni ya Sears, mshindani mkuu wa Ward, ilifanya kitabu chake kuwa kitu cha kila nyumba. Ajabu ni kwamba Sears iliacha kutoa kitabu hicho kikuu mwaka 1993, na mwaka uliofuata tu, tarehe 11 Agosti 1994, mtu mmoja alinunua diski ya nyimbo za Sting kwa dola 12.48 kupitia intaneti, namba ya kadi yake ikiwa imefichwa kwa maandishi ya siri ili isiibwe njiani. Waliokuwa na mabohari, wateja na uzoefu wa karibu miaka mia waliondoka sokoni pale pale soko lilipokuwa likifunguliwa.

Miaka kumi nyuma yake, Mei 1984, Bibi Jane Snowball wa Gateshead, Uingereza, mwenye umri wa miaka 72, alikuwa amekwisha agiza siagi ya mimea, mayai na nafaka ya asubuhi kutoka duka la Tesco kwa kutumia televisheni yake iliyounganishwa na simu. Alilipa fedha taslimu mlangoni. Tena ni kama wale wakulima wa stesheni: kwanza aone, ndipo alipe.

Mwaka 1995 Amazon ilifungua duka lake la vitabu, na mwaka huo huo Pierre Omidyar akaanzisha mnada ambao baadaye uliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa katika mnada huo kilikuwa kalamu ya mwanga iliyovunjika, kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumwuliza kama amefahamu kuwa ni mbovu, naye akajibu kwamba hukusanya mbovu. Twapenda kisa hiki kwa sababu ya lile swali. Mwaka 1996 eBay iliwawezesha wanunuzi na wauzaji kuandikiana sifa na lawama mahali pa wazi. Hapo mgeni alipata njia ya kumjua mgeni mwenzake.

Kwetu mambo yalikawia, na si kwa uvivu. Waya mkubwa wa Seacom, upitao chini ya bahari, ulifunguliwa Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, ghali na nzito. Ama malipo, tuliwatangulia wengi: M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008, hata mtu asiye na hesabu ya benki akaweza kulipa kwa simu. Kilichobaki ni mlango. Wengi wetu hupata barua kwa sanduku la posta, na mzigo husafiri kwa basi, jina na namba ya simu vikiandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Sasa twarudi kwenye duka letu, na yafaa tuungame. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Mwenyekiti akikata utepe, picha ya Halmashauri, na picha ya jengo. Zilikuwa kubwa hata simu ya kawaida ilichoka kuzifungua. Picha ya pakiti ya kahawa haikuwapo. Mahali pa bei tuliandika "wasiliana na Ofisi", nayo Ofisi hufungwa saa tisa na nusu. Aliyevumilia yote hayo alikuta fomu ndefu iliyonakiliwa kutoka daftari letu la wanachama, na haikukubali kupokelewa bila namba ya uanachama! Taasisi ya utafiti ya Baymard ya Denmark imekadiria kwamba vikapu 7 hivi katika kila 10 vya maduka ya mtandaoni huachwa kabla ya malipo, na sababu kubwa ni gharama zinazojitokeza mwishoni. Duka letu halikufikia hata aibu hiyo, kwani kikapu chenyewe hakikuweza kujazwa.

Tuliondoa utepe na jengo. Tukaweka picha ndogo ya pakiti, uzito wake, tarehe ya kukaangwa, na bei pamoja na nauli ya basi kwa kila mji. Fomu ikabaki na mistari mitatu: jina, simu, mji.

Maagizo yakaanza, moja moja. Kisha mwalimu mmoja wa Dodoma alipokea kahawa inayonuka mafuta ya taa, kwa kuwa katika buti la basi ilikaa karibu na dumu. Kahawa hunyonya harufu upesi. Kosa la kufungasha lilikuwa letu. Halmashauri ilibishana jioni nzima. Mhasibu alisema, na kwa kanuni alisema kweli, kwamba hakuna fungu la kumrudishia mnunuzi chochote. Mwishowe Mwenyekiti aliamuru zipelekwe pakiti nyingine, nauli juu yetu. Mwalimu aliandika kisa chote kwenye tovuti, mafuta ya taa yasisahauliwe, akamaliza kwa kusema amepata kahawa nzuri bila kuomba mara mbili. Wapo waliotaka maneno yale yafutwe. Tuliyaacha, na wanunuzi kadhaa waliopiga simu baadaye walisema wameagiza kwa sababu waliyasoma.

Jibu la mzee wetu basi ni hili: ni magunia machache, hayajafikia hata lori moja. Lakini ni kahawa iliyokaangwa na kusagwa hapa hapa, na bei yake tumeipanga wenyewe. Sasa twafungasha katika mifuko miwili, mmoja ndani ya mwenzake, na katika Mkutano Mkuu ujao tutaomba fungu dogo la marejesho kwa wanunuzi. Mzee aliyeuliza swali amekubali kuwa wa kwanza kulisemea, ingawa hakutuambia kama ataliunga mkono au atalipinga.