Kushusha na Kupandisha Mashua Merikebuni

Kila merikebu kubwa huchukua mashua, ama ya kwendea pwani, ama ya kuokolea watu. Kuichukua si kazi. Kazi ni kuishusha majini na kuipandisha tena. Jambo hili laonekana dogo, lakini watu wengi wamekufa kwa ajili yake.

Zamani za matanga mashua ziliwekwa sitahani, katikati ya milingoti. Zilipotakiwa, makapi yalifungwa katika foromali, na mabaharia wengi wakavuta kamba pamoja, kama wavutavyo henza wakati wa kutweka tanga la jahazi. Mwisho wa karne ya 18 merikebu za vita za Uingereza zilianza kutundika mashua ubavuni kwa mikono miwili ya mti. Baadaye mikono hiyo ikawa ya chuma kilichopindwa. Kazi ikapungua, lakini hatari haikuondoka. Kila mkono ulikuwa na kamba yake na watu wake. Wa omoni wakilegeza upesi kuliko wenzao wa tezini, mashua iliinama, na waliomo wakamwagika baharini.

Ndipo Axel Welin, Mswidi aliyefanya kazi London, alipobuni mikono iliyosimama juu ya kipande cha gurudumu chenye meno. Kwa kuzungusha skrubu, watu wachache waliweza kuisogeza mashua nje ya ubavu. Titanic ilikuwa na jozi 16 za mikono hiyo, zenye uwezo wa kushusha mashua 32 au zaidi. Lakini sheria ya Uingereza tangu 1894 ilitaka mashua 16 tu kwa merikebu ya tani 10,000 na zaidi. Titanic, iliyopita tani 46,000, ikachukua mashua 20, zenye nafasi za watu 1,178, nayo ilikuwa na watu zaidi ya 2,200. Ilipozama tarehe 15 Aprili 1912, walikufa kama 1,500. Mikono ilikuwapo; mashua hazikutosha.

Mataifa yakakutana London, na mwaka 1914 wakapatana kwamba kila mtu merikebuni awe na nafasi yake katika mashua. Basi, je, hatari ilikwisha? La. Tarehe 7 Mei 1915 Lusitania ilipigwa topido karibu na Ireland, ikalala upande wa kuume, ikazama kwa dakika 18. Ilikuwa na mashua 48. Za kushoto zilibembea ndani juu ya sitaha. Za kuume zilining'inia mbali na ubavu. Sita tu zilishuka salama, na watu karibu 1,200 wakafa. Hapa mashua zilitosha. Njia ya kuzishusha haikutosha.

Kwa hiyo wajuzi waliutumia uzito wa mashua wenyewe. Mashua hukaa juu ya reli zilizoinama. Breki ikifunguliwa, huteremka yenyewe. Kamba zake mbili za waya hutoka katika winchi moja, hata omo na tezi hushuka sawasawa. Kuipandisha ni kazi ya mota. Leo sheria ya mataifa hutaka chombo hiki kifanye kazi hata merikebu ikiinama digrii 20 ubavuni.

Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari. Lakini kuhesabu mashua ni nusu ya tahadhari. Nusu ya pili ni kujua kwamba zitashuka, usiku, merikebu ikiwa imelala, na watu wakiwa na hofu.